Kabla Hujakata Waya wa Gari

Muhula uliopita rafiki yangu wa darasani alizimikiwa na gari kwenye mteremko wa Kimara akielekea Ubungo, saa moja asubuhi, barabara imejaa. Ni Corolla 110 aliyoachiwa na baba yake. Injini ilikata ghafla, usukani ukawa mzito, na breki zikashika vizuri mara mbili tu. Baada ya hapo pedali ikawa ngumu kama tofali, maana busta ya breki inaishi kwa mvuto wa injini, na injini haikuwepo tena. Aliokolewa na handbreki. Daladala iliyokuwa nyuma yake ilimpita kwa honi na matusi, lakini haikumgusa.

Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amefungiwa alamu ya rimoti. Tulipofungua kava la chini ya usukani tulikuta waya mnene umekatwa, umepitishwa kwenye rilei, na ncha zake zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Tepu ilikuwa imeyeyuka. Tukaamua kuing'oa kazi yote na kuifunga upya wenyewe, Jumamosi mbili mfululizo, nyuma ya hosteli. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayedhani kwamba kwa kuwa kafaulu somo la saketi, basi waya za gari hazimsumbui. Mimi nilidhani hivyo.

Ukifungua boksi la alamu unakuta kisanduku kidogo ambacho ndicho ubongo wake, rimoti mbili, king'ora, kihisi cha mtikisiko, taa ndogo ya LED, swichi ya dharura, na fungu la waya ambalo ukilitazama mara ya kwanza unatamani kurudi kulala. Lakini waya zote hizo zina kazi chache: kukipa kisanduku umeme, kukijulisha mlango umefunguliwa, kusukuma loki, kuwasha indiketa na kuzuia starta. Zigawe hivyo kwenye karatasi kabla hujagusa gari, na nusu ya hofu itaisha.

Nusu ya pili inaisha kwa multimita. Rafiki yangu anasema fundi wa kwanza alimwambia, "Dogo, mwekundu ndio moto, miaka yote." Kwenye waya za alamu, pengine. Kwenye gari, hapana: kila kampuni na kila toleo lina rangi zake, na gari la mtumba linaweza kuwa limeshapita mikononi mwa watu wanne, kila mmoja ameunga waya kwa rangi aliyoikuta dukani. Rangi ni uvumi, kipimo ndio ushahidi. Na tumia multimita, si ile taa ya testa yenye sindano. Taa ile inavuta umeme wa kutosha kuharibu kompyuta ya gari, na ukiichomeka kwenye waya wa eabegi unaweza kuifyatua usoni mwako. Waya za eabegi kwa kawaida zina soketi au mfuko wa rangi ya manjano. Hapo rangi iheshimu, pita mbali.

Sasa lala chini ya usukani, shika waya zinazotoka kwenye swichi ya funguo, mwenzako awe anazungusha funguo taratibu. Waya unaoonyesha kama volti 12.6 hata funguo ikiwa mfukoni ni moto wa kudumu. Unaopata umeme funguo ikifika "ON" na ukaendelea kuwa nao wakati starta inazunguka, huo ni wa ignishen. Unaopata umeme mapema lakini ukazimika starta inapozunguka ni wa redio na vitu vya starehe. Na kuna mmoja ambao hauna kitu kabisa, isipokuwa zile sekunde mbili tatu za kupiga starta. Andika kila kipimo. Ukimaliza ndipo uchomoe terminali hasi ya betri na uanze kuunga.

Huo waya wa mwisho ndio tunaoutaka. Alamu nyingi zina njia ya kulizuia gari lisiwake, na rilei hiyo inaweza kuwekwa kwenye waya wa ignishen au wa starta. Ukitazama haraka ni kitu kilekile, kwani mwizi hawashi gari. Tofauti yake ndiyo ile ya Kimara. Waya wa ignishen unabeba umeme muda wote injini inapounguruma. Chukua muungano mbovu wenye ukinzani wa omu 0.3 tu, upitishe ampia 10. Unapoteza volti 3, sawa, lakini piga hesabu ya joto: mkondo kipeo cha pili mara ukinzani, 100 × 0.3, ni wati 30. Ndiyo nguvu ya pasi ndogo ya kulehemu tunayotumia maabara! Kwa maneno mengine, mtu alimwekea rafiki yangu pasi ya kulehemu chini ya dashibodi, akaizungushia tepu, akamwambia safari njema. Waya wa starta unabeba umeme kwa sekunde chache tu kila safari, na ukiachia siku ukiwa barabarani, hakuna kinachotokea. Utagundua jioni, gari limesimama, uko salama.

Rilei ya magari ina miguu mitano yenye namba. Waya wa starta unaukata, upande mmoja unakwenda 30 na mwingine 87a, ambazo rilei ikilala zimegusana. Mguu wa 85 unaupa umeme wa ignishen, na wa 86 unakwenda kwenye ule waya wa alamu unaoshuka hasi pale tu alamu ikiwa imewekwa. Kwa mpangilio huo rilei haili umeme gari likiwa limeegeshwa, na inaamka tu mtu akizungusha funguo bila kuzima alamu. Alamu ikifa kabisa, gari bado linawaka. Weka na dayodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande wa chanya, ili teke la volti koili inapozimwa lisirudi kwenye transista ya alamu. Viungo vyote lehemu, kisha vika mpira unaosinyaa kwa joto.

Loki zilitupotezea Jumamosi nzima. Ndani ya kisanduku kuna rilei mbili, ya kufunga na ya kufungua, na kila moja inatoa waya tatu. Corolla ile haikuwa na loki za umeme, kwa hiyo tulifunga mota ya waya mbili kwenye kila mlango. Mota ya namna hiyo husukuma ukiipa umeme upande huu, na huvuta ukigeuza. Basi waya wa kati wa kila rilei unakwenda upande mmoja wa mota, mguu uliotulia unakwenda bodi, na mguu mwingine kwenye moto wenye fyuzi ya ampia 15. Rilei zote zikilala, pande zote mbili za mota ziko bodi, kimya. Moja ikigonga kwa nusu sekunde, upande mmoja unapata volti 12 na mlango unafunga. Ni ile saketi ya kugeuza mota tuliyochora mwaka wa pili, ila safari hii ikikosewa inanuka.

Lakini kama gari lako tayari lina loki za umeme, usinakili huo mchoro. Magari mengi ya Kijapani yana kidhibiti chake kinachosubiri mguso mdogo wa hasi kutoka kwenye swichi ya mlango. Hapo mguu uliotulia unauziba na kuuacha, na ule mwingine unaupeleka bodi, si kwenye moto. Ukikipa moto kidhibiti kinachosubiri hasi, nenda kabisa Gerezani kutafuta kingine.

Swichi za milango ni rahisi: kwenye Toyota za zamani mlango ukifunguka waya wake unagusa bodi, nao unauunga kwenye waya wa alamu unaosubiri hasi. Indiketa, waya mbili, kushoto na kulia, umemaliza. Popote waya unapopita kwenye tundu la chuma weka raba, vinginevyo bati litaukata polepole. Na fyuzi kuu ikae karibu na betri, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi haulindwi na mtu.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi wetu tunaisahau mpaka likizo iishe. Pima mkondo unaoliwa alamu ikiwa imewekwa. Ukikuta mili-ampia 20, kwa siku ni karibu nusu ampia-saa, kwa mwezi ni zaidi ya 14. Betri ya ampia-saa 45 ambayo tayari imechoka haitakusubiri urudi kutoka kijijini.

Kuhusu rimoti, dukani usiulize umbali tu. Uliza kama namba yake inabadilika kila unapobonyeza. Zile za bei ya chini kabisa hurusha namba moja daima, na mtu mwenye kifaa kidogo akiinasa mara moja anakuwa na funguo yako. Njia maarufu ya namba zinazobadilika, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, kisha mwaka 1995 ikauzwa kwa Microchip ya Marekani. Rimoti na kisanduku vinahesabu pamoja, na kwa kawaida kisanduku kinakubali namba yoyote kati ya 16 zinazofuata. Mdogo wako akiichezea sebuleni mara thelathini, ukifika kwenye gari bonyeza mara mbili mfululizo, vitapatana tena. Haina maana kwamba haivunjiki: mwaka 2015 Samy Kamkar alionyesha kifaa kinachoziba mawimbi na kuiba namba ambayo bado haijatumika. Ndiyo maana ukibonyeza, subiri usikie loki, kisha shika mlango kwa mkono.

Kihisi cha mtikisiko kipunguze. Hapa hosteli alamu zinalia bodaboda ikipita, na kwa jinsi ninavyotujua, tunavuta shuka na kulala. Tulikishusha mpaka kikawa kinalia kwa pigo la ngumi kwenye nguzo ya mlango, si kwa paka kurukia boneti.

Kilichobaki ni swichi ya dharura, ile ya kuzima alamu rimoti ikipotea au betri yake ikiisha. Tuliificha mahali ambapo mwizi atahitaji muda. Rafiki yangu alitaka iwe siri yake peke yake, hadi mama yake, aliyeliazima gari kwenda msibani, alipopiga simu saa nne usiku king'ora kinalia nyuma yake.