Ritani ya Kodi Ipelekwayo Ng'ambo kwa Posta

SWALI: Bwana Mhariri, nilifanya kazi Marekani kabla ya kurejea nyumbani Chwele, na sasa yanilazimu kupeleka huko ritani ya kodi ya karatasi. Je, niitume kwa njia gani?

JIBU: Ndugu msomaji, ritani ya Kenya hupelekwa kwa mtandao wa iTax, mwisho tarehe 30 Juni, wala haihitaji posta; ama hiyo ya Marekani, ambayo kwa mwenye mshahara wa huko mwisho wake kwa kawaida ni tarehe 15 Aprili, yataka hadhari. Idara ya kodi ya huko, IRS, huihesabu ritani kuwa imewahi ikiwa muhuri wa posta, hata wa nchi ya kigeni, hauipiti siku ya mwisho, maadamu anwani ni sahihi na stempu zimetimia. Kwa hiyo barua ya kawaida, ijapokuwa rahisi, haikuachii ushahidi; rejista hukupa stakabadhi, na EMS, huduma ya haraka ya posta, huongeza wepesi. Kampuni za DHL, FedEx na UPS zina huduma maalumu tu zinazokubaliwa, nazo zina anwani tofauti na ile ya posta.

Nasaha yangu ni hii: ukiwa na nafasi, nenda posta ya Bungoma mapema, uipeleke kwa rejista, uhakikishe muhuri wasomeka, na uhifadhi stakabadhi pamoja na nakala, lakini kwanza tia sahihi, kwani ritani isiyo na sahihi ni batili.