Kusalimu Amri na Kutenganisha Jozi: Mwongozo kwa Wagawaji Karata

Mwongozo huu ni wa wagawaji wa meza ya blakijeki walio katika miezi yao ya kwanza kazini. Kuhesabu hadi 21 mnajua tayari. Kwa uzoefu wangu, ugomvi wa mezani huanza pale chipu zinaposogezwa kabla raundi haijaisha, na hapo pana mambo mawili: mchezaji kusalimu amri, na mchezaji kutenganisha jozi.

Anayesalimu amri huacha karata zake mbili za mwanzo na kupoteza nusu ya dau. Aliyeweka 20,000 anarudishiwa 10,000. Haki hiyo inakwisha akishachukua karata ya tatu au akishatenganisha jozi. Msimdharau: mwenye 10 na 6 mbele ya 10 yako, akiendelea kucheza hasara yake ya wastani inazidi nusu ya dau. Anajua anachokifanya.

La kuangalia ni wakati. Ukiwa umeonyesha ree au karata yenye thamani ya 10, chungulia kwanza karata yako iliyofunikwa. Ukiwa na blakijeki, hakuna kusalimu. Dau lote linachukuliwa. Tofauti hiyo si ndogo. Kasino ya kwanza ya Atlantic City, Marekani, ilipofunguliwa mwaka 1978, mchezaji aliruhusiwa kusalimu kabla ya mgawaji kuchungulia, na waliojua hesabu wakapata njia ya kuizidi kasino. Mwaka 1981 ruhusa hiyo ikaondolewa.

Ishara yake ni kuchora mstari kwa kidole nyuma ya dau. Anayetaka karata naye hukwaruza kitambaa kwa kidole. Nikiwa mgeni kazini niliona kidole kikipita, nikachukua nusu ya dau na kuziondoa karata. Mteja akaruka: aliomba karata! Kamera ilionyesha kidole tu, sauti haikuwapo. Tangu siku hiyo sigusi chipu kabla sijauliza, “Bosi, unasalimu?” na kusikia jibu. Ulizeni hivyo hivyo, kwa sauti ya kumfikia msimamizi.

Katika kutenganisha, mchezaji huweka dau la pili, sawa na la kwanza, kando yake na si juu yake. Karata mnazitenganisha ninyi, yeye asiziguse. Jihadharini na jozi ya 5. Akisogeza chipu bila kusema neno, huenda anataka kuongeza dau mara mbili apate karata moja tu, kwa kuwa 10 ni mwanzo mzuri. Huenda pia anataka mafungu mawili. Mchezaji mzoefu hatenganishi 5, lakini fedha ni zake. Ulizeni. Kisha malizeni kwanza fungu lililo kushoto kwenu, ndipo mwende kwa la pili.

Penye maneno mengi zaidi ni jozi ya ree. Kwa kawaida kila ree hupewa karata moja tu na fungu limefungwa. Ikiangukia K, mteja atashangilia blakijeki. Si blakijeki. Ni 21 ya kawaida, na malipo yake ni sawa kwa sawa. Kwa dau la 20,000, blakijeki inayolipwa 3 kwa 2 ingempa 30,000; hapa anapata 20,000. Ile 10,000 anayoidai mwelezeni kwa upole, na ni vizuri zaidi kutangaza mapema, kabla karata haijatoka: “Ree zimetenganishwa, karata moja moja.”

Je, K na 10 ni jozi? Kuna kasino zinazotazama thamani, na kuna zinazotaka herufi zilingane. Fuateni kanuni ya meza yenu. Idadi ya mara za kutenganisha tena nayo imeandikwa humo, na mara nyingi kikomo ni mafungu manne.

Kwenye meza ambazo mgawaji hachukui karata ya pili hadi wachezaji wamalize, someni kanuni mara mbili. Mgawaji akipata blakijeki mwishoni, kasino nyingine huchukua madau yote yaliyoongezwa, nyingine huchukua dau la kwanza tu. Mteja akiuliza kabla ya kutenganisha, mjibuni waziwazi.

Mkikosea, msirudishe karata hata moja kwenye kisanduku wala msibadilishane chipu na mteja. Acheni kila kitu kilipo, viganja wazi juu ya meza, na mwiteni msimamizi.