Siku ya Mashindano Imewadia na Hujajiandaa: Uingie au Ujitoe?

WIKI hii twajibu swali ambalo si la kawaida katika ukurasa huu. Msomaji wetu mmoja, mama wa miaka 38 anayefanya kazi Ujerumani, ameandika akisema alijifunza kuteleza kwenye barafu akiwa mtu mzima, na sasa amejiandikisha kwa mashindano yake ya kwanza ya kuteleza kwa mitindo. Zimesalia wiki 3. Mazoezi yake yalikatizwa na homa ya mafua, kisha na zamu za usiku kazini. Usingizi umemhama. Auliza kama kuingia mashindanoni katika hali hiyo ni kuhatarisha afya yake, au kama huo ni woga tu.

Kabla msomaji wa Nairobi hajafungua ukurasa mwingine akisema barafu ni mambo ya Wazungu, nimkumbushe kwamba mwaka wa 2005 uwanja wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa, na si wachache walioangukia makalio pale. Huko Ujerumani nako, katika mji wa Oberstdorf, yalianzishwa mwaka uo huo mashindano ya kimataifa ya watu wazima, wa miaka 28 na zaidi, watu wenye kazi na familia kama mama huyu. Isitoshe, shida yake ni ile ile ya karani aliyelipia mbio za kilomita 42 ilhali hajawahi kumaliza hata 10.

Mtu akiniambia, "Daktari, sijajiandaa," swali langu la kwanza ni hili: ni kipi ambacho hakijajiandaa, moyo au mguu? Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na tiba zake ni tofauti kabisa.

Tuanze na moyo. Ubongo ukihisi kwamba kuna jambo zito mbele, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Mapigo ya moyo huenda mbio, viganja hutoa jasho, midomo hukauka, tumbo huvuruga na mtu huenda msalani kila mara. Mwenye dalili hizi hudhani mwili unamwambia kwamba hajafanya mazoezi ya kutosha. Sivyo. Dalili hizi humpata aliyejiandaa na asiyejiandaa, na kamwe haziwezi kutumiwa kupima maandalizi. Katika Michezo ya Olimpiki ya 2018 kule Pyeongchang, Korea Kusini, Mmarekani Nathan Chen aliingia akitarajiwa na wengi kunyakua medali. Katika sehemu ya kwanza ya mashindano aliboronga kila mruko mkubwa akawa wa 17. Kesho yake alipata alama nyingi kuwashinda wote katika sehemu ya pili, akamaliza katika nafasi ya 5. Miguu ilikuwa ile ile, mazoezi yale yale.

Kwa hivyo usijilazimishe kutulia. Mwaka wa 2014, mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia "nimesisimka" kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vyema kuliko waliojiambia "nimetulia." Adrenalini ikishaingia katika damu haiondoki kwa kuamrishwa. Ni rahisi zaidi kuipa kazi ya kufanya.

Hapa pana onyo. Kuna tabia ya watu kununua dawa za shinikizo la damu, hasa propranololi, ili mikono isitetemeke siku ya mtihani au ya onyesho. Dawa hii hupunguza kasi ya moyo, na mchezaji anayehitaji moyo upige kwa nguvu atachoka upesi. Kwa mgonjwa wa pumu ni hatari zaidi, kwani yaweza kuziba njia za pumzi. Usiimeze bila kuandikiwa na daktari anayejua ugonjwa wako wote, hata kama jirani yako ilimfaa.

Sasa tuje kwa mguu, na hapa ndipo penye kazi. Anayetua kutoka hewani juu ya barafu hutua kwa mguu mmoja, na kishindo cha kutua chaweza kuwa mara 5 ya uzito wa mwili wake au zaidi. Kishindo hicho hupokewa na kifundo cha mguu, goti, nyonga na uti wa mgongo. Misuli ikiwa imara hupunguza makali yake. Misuli ikichoka, mzigo wote huwa wa mifupa na kano. Ndiyo maana ajali nyingi hutokea mtu akiwa amechoka.

Ukiacha mazoezi kwa wiki 2 au 3, pumzi ndiyo hupungua kwanza. Ukirudi, pumzi hiyo hiyo hurejea upesi, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mifupa na kano hukawia zaidi. Mtu hujisikia mzima, anaongeza mazoezi maradufu ili kufidia siku zilizopotea, na baada ya siku chache anapata maumivu katika mfupa wa muundi au wa wayo. Huo aghalabu ni mwanzo wa ufa wa mfupa. Sijui kwa nini watu waliosoma huamini kwamba mwili unaweza kukesha usiku mmoja na kufaulu, kama mwanafunzi aliyekariri kitabu. Misuli hujijenga wakati wa kupumzika, hasa usingizini, na mazoezi mazito ya wiki ya mwisho hayakupi chochote siku ya mashindano ila uchovu.

Je, afanye nini aliyebakisha wiki 3? Apunguze. Katika Olimpiki ile ile ya 2018, bingwa alikuwa Mjapani Yuzuru Hanyu, ambaye mnamo Novemba 2017 aliumia kano za kifundo cha mguu wa kulia mazoezini, akakaa takriban miezi 2 bila kukanyaga barafu. Hakuwa ameshiriki shindano lolote tangu aumie. Mruko uliomuumiza, ambao mchezaji huzunguka mara 4 hewani, aliuacha nyumbani. Alichukua ile aliyokuwa na hakika mguu utaihimili, akaipanga vizuri, na akapata alama 317.85 na dhahabu. Tangu Mmarekani Dick Button mwaka wa 1952, hakuna mwanamume mwingine aliyekuwa ameshinda Olimpiki mbili mfululizo katika mchezo huo.

Yeye huyo huyo anatupa mfano wa kinyume. Mnamo Novemba 2014, mjini Shanghai, aligongana na mchezaji mwingine walipokuwa wakipasha misuli joto. Damu ilimtoka kichwani na kidevuni. Alifungwa bendeji, akarudi uwanjani, akaanguka mara 5, na bado akawa wa pili. Wengi walimsifu kwa ushujaa. Mimi kama daktari sikuona ushujaa pale. Aliyegongwa kichwa hafai kurudi mchezoni siku hiyo, kwa maana mtikisiko wa ubongo waweza kujificha kwa saa nyingi, na pigo la pili kabla la kwanza halijapona laweza kuua.

Basi jibu langu kwa mama wa Ujerumani ni hili. Kama homa imekwisha na kifua ki safi, ingia. Keti na kocha wako mwondoe kila mruko unaokuangusha mara nyingi mazoezini, hata kama ndio uupendao. Cheza onyesho lako lote, pamoja na muziki, mara chache kwa wiki. Wiki ya mwisho punguza mazoezi kwa nusu. Omba kubadilishiwa zamu angalau siku 3 kabla, kwani asiyelala huanguka kama mlevi. Kula chakula ulichokizoea, saa 3 hivi kabla ya kuingia, wala usivae viatu vipya siku hiyo. Na kama unakohoa au kifua kinakoroma kila utokapo kwenye barafu, mwone daktari sasa hivi. Hewa baridi na kavu huamsha pumu, hata kwa mtu ambaye hakuwahi kujua kwamba anayo.

Jitoe, bila kumwonea mtu haya, ikiwa una homa, kwa sababu virusi vya mafua vyaweza kuingia katika misuli ya moyo. Jitoe pia ukihisi maumivu ya kifua, ukizimia, au ukiwa na maumivu ya mfupa ambayo unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja na yanayozidi unapokanyaga. Kidonge cha kutuliza maumivu hakiponyi mfupa. Hunyamazisha tu kengele.

Jambo la mwisho ni kuanguka, maana utaanguka. Ukihisi unakwenda, kunja magoti uangukie ubavu wa paja na kalio, na ufumbe vidole visipitiwe na makali ya viatu vya wenzako. Usinyooshe mkono kuizuia barafu, kwani ndivyo kifundo cha mkono kinavyovunjika, hasa kwa watu wazima. Ikiwa baada ya kuanguka unaumwa chini ya kidole gumba, omba kupigwa picha ya eksirei. Picha ikitoka safi na maumivu yangalipo, rudi baada ya siku 10 hadi 14 upigwe nyingine, kwani kuna mfupa mdogo pale ambao ufa wake mara nyingi hauonekani siku ya kwanza. Ukipuuzwa, mfupa huo waweza kukosa damu na kufa.