Kufundisha Kanuni za Usalama Kazini: Mfano wa Ziwa Jipe

Wanafunzi wengi hukariri sheria kama wanavyokariri majedwali ya hesabu: maneno wanayajua, lakini hawajui yanamgusa nani. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha jinsi mwalimu wa darasa la sita au la saba awezavyo kuwazoeza wanafunzi kuipima kanuni ya usalama kwa jambo lililo mbele yao.

Kanuni yenyewe

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humruhusu mtoto aliyetimiza miaka 14 kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya yake wala masomo yake. Lakini kifungu cha 82 chamkataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, yaani ile iwezayo kudhuru afya, usalama au maadili yake. Kisha sheria yataja baadhi ya kazi hizo, zikiwamo kwenda baharini, kuchimba madini na mawe, kubeba mizigo mizito, na kufanya kazi penye mashine.

Hatua ya kwanza: tukio

Mwalimu alieleze darasa hivi: Kijana wa miaka 15 aishiye kando ya ziwa Jipe ameajiriwa na mwenye mtumbwi. Kila siku saa 11 alfajiri huingia ziwani kutega nyavu. Ziwani mna viboko na mamba, na matete yamesongamana. Je, mwenye mtumbwi amevunja sheria?

Hatua ya pili: hoja

Bila shaka yuko atakayesema: "Sheria yataja bahari, na Jipe ni ziwa. Hakuna kosa." Mwalimu asimkemee, maana amesoma maneno kwa uangalifu. Amwulize: bahari ilitajwa ili kuzuia nini? Darasa litataja kuzama, mawimbi, na kuwa mbali na msaada. Je, hayo hayako Jipe? Hapo mwalimu awarudishe kwenye maana ya jumla. Kazi zilizotajwa ni mifano, wala hazifungi mlango kwa nyingine. Kazi ya kijana huyu yakatazwa kwa kuwa inahatarisha uhai wake, si kwa kuwa ziwa limegeuka bahari.

Ibakie saa. Sheria hiyo hiyo yakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Hapa hapahitajiki mjadala. Saa ya ukutani yatosha. Wanafunzi waone kwamba kanuni nyingine hupimwa kwa saa, na nyingine kwa busara.

Hatua ya tatu: kubadili tukio

Sasa kijana yule anashona nyavu ufukoni baada ya masomo. Tabia ya kazi imebadilika, na hukumu nayo yabadilika. Tena, anabeba magunia ya jasi huko Makanya, wilayani Same. Mzigo mzito ni kilo ngapi? Kifungu hakitaji kilo. Darasa lipime umri wa mbebaji, umbali, mwinuko wa njia, na idadi ya safari. Ndoo ya lita 20 za maji ina uzito wa kilo 20 tambarare na mlimani, lakini kila mtoto wa Upare ajua kwamba mlimani haibebeki kwa namna ile ile.

Mwalimu mwenyewe

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950. Shabaha yake yavuka viwanda hadi mahali pengine pa kazi, tena yataka kuwalinda hata wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zitokanazo na kazi. Kwa hiyo mwalimu anayewatuma wanafunzi kuteka maji penye mamba hawezi kujitetea kwamba hao si waajiriwa wake. Hana budi kujiuliza kwanza yale aliyowafundisha.

Zoezi

Chagua kazi moja ya shuleni: kuteka maji, kufyeka kwa panga, au kuezeka paa. Jibu kwa maandishi:
1. Kanuni inakusudia kuzuia hatari gani?
2. Je, hatari hiyo ipo hapa?
3. Ni hatua gani itakayotosha kuiondoa, na kama haiondoki, nani aifanye kazi hiyo badala ya mtoto?