Nyanya za nyumbani: tazama maji kabla ya dawa

Swali: Kila masika majani ya nyanya zangu hupata madoa meusi, na mche ukishashikwa hukauka ndani ya siku chache. Nipulize dawa gani?

Jibu: Dalili hizo zinafanana sana na bakajani chelewa, na kimelea chake hakioti juu ya jani kavu. Kinahitaji ubaridi, pamoja na unyevu utakaokaa juu ya jani kwa saa kadhaa. Ndiyo maana huwatesa wakulima wa Lushoto na Njombe kuliko wa Dodoma. Mvua huwezi kuizuia, ila muda ambao jani hubaki limelowa unaweza kuupunguza. Achanisha miche kiasi cha sentimita 60, simika fito ufunge mashina, punguza machipukizi ya kwapani na majani yanayogusa udongo, kisha mwagilia asubuhi, tena shinani. Utasema dawa ni ya haraka zaidi. Lakini viuakuvu vingi hukinga jani zima tu; haviliponyi lililokwisha kuoza, mvua huviosha, na kwenye bustani iliyosongamana havifiki majani ya ndani. Dawa ina nafasi yake, baada ya kazi hiyo kufanyika.

Swali: Na matunda yanayooza kitako? Nimeambiwa nimwage chokaa.

Jibu: Tunda limekosa kalsiamu, ni kweli, ingawa mara nyingi udongo unayo ya kutosha. Kalsiamu hupanda mmea pamoja na maji. Ukimwagilia leo ukasahau siku nne, tunda linalokua huikosa. Tandaza majani makavu, mwagilia kwa ratiba, na chokaa isubiri udongo upimwe.

Swali: Kwa hiyo kila ugonjwa ni maji?

Jibu: La. Kantangaze, mdudu wa asili ya Amerika Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014, hajali unavyomwagilia. Chuma majani yenye michirizi uyachome. Mche ukinyauka ungali wa kijani, kata shina, tumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, nao hauna dawa. Ng'oa mche, na pale panda mahindi kwa misimu kadhaa; usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo. Hata bakteria hao husafiri na maji yanayotiririka, basi mfereji wa tuta lenye ugonjwa usiuelekeze kwenye miche mizima.