Gari Linapogonga: Itambue Sauti Kabla ya Kununua Kipuri

Miongoni mwa kero zinazomgharimu mwenye gari fedha nyingi bila mafanikio ni sauti ya kugonga isiyojulikana itokako. Mwenye gari huenda gereji, akaambiwa tatizo ni shokapu. Akazinunua, sauti ikabaki. Akaenda gereji ya pili, akaambiwa ni mauntingi za injini. Akazinunua, sauti ikabaki. Fedha imekwisha, na chanzo hakijaguswa. Katika somo hili tunaeleza namna mlaji asiye fundi anavyoweza kuisikiliza sauti hiyo kwa utaratibu, ili afike gereji akiwa na maelezo badala ya mashaka. Tunaeleza pia ni sauti zipi zinazompasa asimame papo hapo.

Somo hili lamhusu kila mwenye gari, lakini tumechukua mfano wa gari la spoti, kwa kuwa ndilo linalowatatiza watu zaidi. Gari la namna hiyo hukaa karibu na ardhi. Springi zake ni fupi na ngumu, na tairi zake zina ubavu mwembamba, hivyo kila shimo hufika kwenye bodi kwa nguvu. Injini yake nayo hubana hewa na petroli kwa nguvu kubwa kuliko injini ya gari la kawaida. Kwa sababu hizo, gari moja laweza kugonga mahali pawili kwa wakati mmoja, na fundi mwenye haraka akatengeneza pasipostahili.

Safari moja, majaribio matatu

Tumfikirie mkazi wa Maili Moja, Kibaha, anayekwenda Kisarawe kwa gari hilo. Anashuka kwa Barabara ya Morogoro, yenye lami na matuta, hadi Dar es Salaam. Kisha anapita Gongo la Mboto na Pugu, na kupanda vilima hadi Kisarawe mjini. Kutoka hapo anaingia katika njia ya udongo kuelekea kijijini. Lami, mlima na udongo hulijaribu gari kila kimoja kwa namna yake. Dereva akikumbuka sauti ilianzia wapi na ilinyamaza wapi, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya kwanza: ondoa vitu vilivyolegea

Kabla ya jambo lolote, fungua buti na utoe kila kitu: jeki, spana, tairi la akiba, chupa na madumu. Kisha endesha tena katika njia ile ile. Jeki iliyotoka mahali pake hugonga sawasawa na shokapu iliyochoka, na kuifunga upya hakuna gharama.

Hatua ya pili: jiulize sauti inafuata nini

Sauti ya kugonga kwa kawaida hufuata kimojawapo kati ya vitu vitatu: injini, magurudumu au barabara.

*Inayofuata injini.* Simamisha gari mahali tambarare, gia ikiwa huru na breki ya mkono imefungwa, kisha kanyaga mafuta taratibu. Ikiwa kugonga kunasikika na kunaongezeka kasi pamoja na injini, chanzo ki katika injini au vifaa vinavyozungushwa nayo. Mgongo mwepesi unaosikika juu ya injini mara nyingi huhusu valvu au upungufu wa oili. Mgongo unaosikika asubuhi injini ikiwa baridi, ukatoweka ikishapata moto, waweza kuwa wa pistoni zinazocheza kidogo ndani ya silinda. Huo hauhitaji taharuki, bali uangalizi. Mshindo mmoja unaotokea unapobadili gia kutoka mbele kwenda nyuma huelekeza kwenye mauntingi za injini.

*Inayofuata magurudumu.* Sauti hii haipo gari linaposimama. Huanza gari linapotembea, na huongezeka kwa kadiri ya mwendo. Kwanza kagua nati za magurudumu, kisha tazama kama tairi limevimba au limenasa jiwe. Ikiwa gari linatoa mfululizo wa kugonga unapokata kona kali, mweleze fundi akague viungo vya ekseli za magurudumu yanayosukuma gari.

*Inayofuata barabara.* Sauti hii husikika penye tuta au shimo, na hunyamaza penye lami laini. Hapo ndipo pa kukagua shokapu na vishikizo vyake, bushi, viungo vya fimbo inayozuia gari kulala upande, na bolijointi. Ukigusa breki kidogo katika njia mbovu na sauti ikakatika, yawezekana ni pedi za breki zinazocheza.

Sauti ya mlimani

Iko sauti moja inayowapotosha wengi. Gari linapopanda vilima vya Pugu likiwa limekanyagwa mafuta, husikika mlio kama wa chembe za mchanga zinazotikiswa ndani ya kopo. Likifika tambarare, hunyamaza. Hapo sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli hujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Sababu zaweza kuwa injini kupata joto kupita kiasi, masizi ndani ya silinda, plagi zisizo za injini hiyo, au petroli yenye okteni pungufu.

Magari mengi ya spoti yaliyotumika Japani yana maandishi ya Kijapani ndani ya kifuniko cha tangi, yakitaja aina ya petroli. Kwa viwango vya Japani, petroli ya kawaida ina okteni isiyopungua 89, na ile ya daraja la juu isiyopungua 96. Pata tafsiri ya maandishi hayo kabla hujanunua gari, na ukiulize kituo cha mafuta kinauza petroli ya okteni ngapi. Sauti ikitokea, punguza mafuta na uweke gia ndogo. Ikiendelea kwa muda mrefu, yaweza kutoboa pistoni.

Simama papo hapo

Usiendelee na safari katika hali hizi tatu:

1. Mgongo mzito kutoka chini ya injini, kama nyundo juu ya chuma, hasa taa nyekundu ya oili ikiwaka. Yaelekea beringi za kranki zimekwisha. Zima injini, ngoja dakika chache, pima oili kwa kijiti chake, na uite gari la kukuvuta. Kilomita chache za ziada zaweza kuligeuza tengenezo la beringi kuwa ununuzi wa injini nzima.
2. Kugonga kunakoambatana na usukani kutetemeka au kuvuta upande mmoja. Gurudumu laweza kuchomoka.
3. Kugonga kunakoanza muda mfupi baada ya tairi kubadilishwa. Kaza nati zote kabla ya kusogea.

Unapofika gereji

Andika mambo manne kwenye karatasi: sauti ilianza lini, husikika wapi, inafuata nini, na kitu gani kilitengenezwa kabla haijaanza. Kisha mwombe fundi afanye haya:

- Aendeshe gari pamoja nawe mahali sauti inaposikika.
- Ainue gari kwa jeki, aliegemeze juu ya stendi, na alitikise gurudumu kwa kulishika juu na chini, kisha kushoto na kulia, ukiona kwa macho yako kinachocheza. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee.
- Akitaja beringi za kranki, aizime silinda moja baada ya nyingine injini ikiwa inawaka. Mgongo ukipungua silinda fulani inapozimwa, ndiko kwenye tatizo.
- Akupe bei ya uchunguzi peke yake, na bei ya tengenezo kwa maandishi, kabla ya kufungua chochote.

Usikubali kipuri kibadilishwe kabla hujaonyeshwa ubovu wake. Dai kipuri cha zamani, na udai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kipuri na kwa kazi.

Haki yako

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Aliyeuziwa kipuri kilichotumika kwa jina la kipuri kipya anaweza kupeleka malalamiko yake Tume ya Ushindani. Anayeshuku ubora wa petroli aliyouziwa ahifadhi risiti ya kituo na kuiarifu Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Katika mashauri yote mawili, karatasi yako ya maelezo, makadirio ya bei, risiti na kipuri cha zamani ndivyo vitakavyokutetea. Vihifadhi hata baada ya sauti kunyamaza.