Kaburi la Baron von Steuben: Mwongozo kwa Wageni

Friedrich Wilhelm von Steuben, Mjerumani aliyelifunza vita jeshi la George Washington, amezikwa ndani ya kijimsitu karibu na kijiji cha Remsen, katika jimbo la New York, Marekani. Mji wa kufikia ni Utica, ulio kilomita 30 hivi kusini. Kutoka hapo msafiri hushika barabara kuu namba 12 kuelekea kaskazini, kisha huchepuka kufuata njia za mashambani hadi Starr Hill. Gari binafsi ndilo la kutegemea. Theluji huko huanguka kwa wingi, hivyo safari ipangwe majira ya joto au mwanzoni mwa vuli.

Steuben alizaliwa Magdeburg, Prussia, mwaka 1730, akaingia jeshini akiwa kijana na kupigana Vita vya Miaka Saba. Amani iliporudi mwaka 1763 aliachishwa kazi akiwa kapteni, akahangaika kwa miaka mingi kutafuta nafasi nyingine. Mwaka 1777, huko Paris, Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani, alisaidia kumwombea nafasi Marekani kwa barua iliyomtaja kuwa luteni jenerali. Cheo hicho hakuwahi kuwa nacho, lakini ujuzi alikuwa nao.

Alifika kambi ya Valley Forge, Pennsylvania, Februari 1778, akakuta askari wamedhoofika kwa njaa, baridi na maradhi. Kiingereza hakukijua. Aliandika maelekezo kwa Kifaransa, wasaidizi wakayatafsiri, naye akashika bunduki mwenyewe mbele ya kikosi cha mfano cha watu 100 hivi, akawaonyesha hatua moja baada ya nyingine. Maofisa wa zama hizo waliona kazi hiyo ni ya masajini. Aliwafunza kujaza bunduki upesi na kutumia singe. Tena aliamuru vyoo vichimbwe mbali na majiko, upande wa mteremkoni. Katika kambi ambako maradhi yaliua watu wengi, amri hiyo haikuwa ndogo kuliko gwaride lolote. Kanuni zake zilizochapishwa mwaka 1779 zilitumiwa na jeshi la Marekani kwa miongo kadhaa.

Baada ya vita vya uhuru wa Marekani alipewa uraia, na mwaka 1786 jimbo la New York likamzawadia ekari 16,000 za pori. Ardhi alikuwa nayo, ila madeni yalimwandama hadi Bunge la Marekani lilipomwekea pensheni ya dola 2,500 kwa mwaka, mwaka 1790. Alijenga nyumba ya magogo kwenye ardhi hiyo, na humo alifariki tarehe 28 Novemba 1794. Hakuoa. Mali yake aliwaachia wasaidizi wake wa vitani, William North na Benjamin Walker.

Aliagiza azikwe akiwa amevikwa joho lake la kijeshi, mahali pasipo alama. Miaka kumi baadaye barabara ilikatizwa juu ya kaburi, na Walker akayahamishia mabaki kwenye msitu wa sasa. Kisha aliwapa Wabaptisti wenye asili ya Wales sehemu ya ardhi kwa sharti kwamba miti inayozunguka kaburi isiguswe. Mnara mzito wa mawe ulikamilika mwaka 1872; unapendeza, ila miti ndiyo iliyo karibu zaidi na matakwa ya marehemu, na inafaa kupewa muda.

Njia ya kwenda kaburini ni fupi. Karibu nayo ipo nyumba ya magogo iliyojengwa karne ya 20 kwa mfano wa ile ya Steuben. Nyumba hiyo hufunguliwa kwa msimu, kwa hiyo ni vyema kuuliza ofisi ya hifadhi za jimbo la New York kabla ya kuondoka. Maji na chakula vinunuliwe Utica. Mwenye siku zaidi aendelee hadi Valley Forge, ambako sanamu ya Steuben inautazama uwanja wa gwaride aliowafunzia askari.